Kelele Ndani ya Kasha la Mvule

Kila asubuhi mimi ndiye ninayefungua karakana. Naipenda saa ile kabla misumeno haijaanza, wakati vumbi la jana bado limelala sakafuni. Naegemeza mlango kwa gogo, nafagia kutoka ukutani kuja nje, kisha nachukua kitambaa chenye mafuta kidogo na kupangusa reli za mashine, taratibu, kama mtu anayemfuta mtoto uso. Nikimaliza nawasha kompyuta, nawasha umeme wa mota, na nasikiliza. Mota zikishika hutoa mlio mdogo, kama mtu anayeguna usingizini. Nikishausikia mlio huo ndipo nateleka chai.

Siku ile sikufika kwenye chai. Nilikuwa nimepiga magoti kwenye reli ya chini pale futi ya chuma ilipopita mbele ya pua yangu, ikagonga ukuta wa upande wa pili, ikajikunja kurudi ilikotoka.

"Mlango mwembamba," sauti ya mwanamume ikasema. "Tutaitoa kwa ubavu."

Niliinuka na kitambaa mkononi. Alikuwa yule aliyetuuzia mashine. Tunamwita Miwani kwa sababu huvaa miwani myeusi hata ndani ya nyumba, hata mvua ikinyesha.

"Kuitoa kuipeleka wapi?" niliuliza, ila kwa sauti ndogo mno, hakusikia.

Mjomba aliingia nyuma yake, kofia mkononi.

"Shikamoo Mjomba."

"Marahaba, mama." Hakunitazama mimi, aliitazama mashine. "Lori linakuja jioni. Miwani anaichukua mashine yake, anatuletea msumeno mkubwa wa kupasulia. Nimechoka na kitu kinachosimama katikati ya kazi."

"Ukifunga msumeno ule utanisahau, mzee wangu," Miwani alisema. "Hauna kompyuta, hauna mambo mengi. Unawasha, unakata."

"Na mama yako nimeshaongea naye," Mjomba aliendelea, akiwa bado anaitazama mashine. "Ile nafasi ya kaunta kwenye duka la simu la rafiki yake bado ipo. Mahali pasafi, pana feni, hutakohoa vumbi. Mashine ikiondoka hapa utakuwa unafanya nini? Nikupe randa?"

Niliinamisha kichwa. Watu wengi wakiniona nimeinamisha kichwa hudhani nimekubali. Huwa natafuta maneno tu, na maneno yangu hayana haraka. Chuoni mwalimu akiniuliza swali nilikuwa nanyanyuka, nachukua chaki na kuandika jibu ubaoni, kwa sababu mkono wangu ulikuwa jasiri kuliko mdomo. Lakini hapa hapakuwa na ubao. Palikuwa na Mjomba, kaka wa mama yangu, aliyenilea tangu nikiwa na meno ya utoto na kunisomesha kwa makabati aliyoyatengeneza kwa mikono yake.

"Jioni bado," nilisema.

"Nini?"

"Umesema lori linakuja jioni. Sasa hivi ni asubuhi."

Sicho nilichotaka kusema, ila kilikuwa jirani yake.

Miwani alicheka. "Dada, usijitese. Hizi kadi ndogondogo ndizo zinazosumbua, nilimwambia mjomba wako. Mashine kama hii inataka mtu aliyeizoea."

Mjomba alivaa kofia. "Mpaka lori lije, fanya unavyotaka," alisema, akamsindikiza mgeni wake. Baada ya muda nilisikia randa yake ikianza kuimba kule uwani.

Mashine yenyewe ni meza ndefu ya chuma yenye mkono unaopita juu yake kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Mkono huo umebeba mota ya kukatia, na chini ya mota kuna kisu kinachozunguka. Unaiambia kompyuta unataka mlango wa kabati wa umbo gani, nayo inausukuma mkono huku na huku na kisu kinachonga. Tuliipata ikiwa kuukuu, ubongo wake umeshang'olewa. Mimi ndiye niliyemwomba Mjomba aichukue, baada ya wateja wawili kutukimbia mfululizo kwa kuwa tulichelewa. Na mimi ndiye niliyeifungia kadi mpya.

Kadi hiyo ni ndogo, inaenea kwenye kiganja. Kompyuta huongea kwa umeme mdogo sana, ni kama mnong'ono, na mota hula umeme mwingi. Zikiunganishwa moja kwa moja, mota itaiunguza kompyuta. Kwa hiyo kadi inakaa katikati. Inaupokea mnong'ono upande huu na kutoa amri upande ule. Pia inarudisha habari, na habari kubwa kuliko zote inatoka kwenye swichi ndogo zilizoko mwisho wa kila reli. Mkono ukizidisha safari yake ukagusa swichi, kadi inaiambia kompyuta kwamba mwisho umefika, na kila kitu kinasimama papo hapo. Bila hivyo mashine ingejivunja yenyewe.

Shida yetu ilikuwa moja. Mota ya kukatia ikiwa imezimwa, mkono ulitembea vizuri mno, ukachora hewani chochote nilichotaka. Nikiiwasha tu mota ya kukatia, kabla kisu hakijagusa ubao, kompyuta ilisema mwisho umeguswa. Mashine ilisimama kabisa, na mkono uko katikati ya meza, haujagusa hata nzi.

Nilibadilisha kebo ya kompyuta. Nilibadilisha kisanduku cha umeme. Nilibadilisha kadi yenyewe, nikarudi kwenye mipangilio ya kompyuta na kuipitia mstari kwa mstari. Haikubadilika.

"Mashine yako ni kama shemeji yangu," Msasa aliniambia. Msasa ndiye fundi wetu wa kupaka vanishi, mtu mzima mwenye watoto wakubwa, na jina hilo alipewa kwa ajili ya ulimi wake zaidi kuliko kazi yake. "Anafanya kazi vizuri sana mpaka kazi ianze."

Siku ile alinikuta nimekaa sakafuni, nimefungua kabati la kadi, bisibisi mdomoni.

"Injinia, nasikia tunakuaga."

Nilitoa bisibisi mdomoni. "Kaka Msasa, una kazi sasa hivi?"

"Vanishi inakauka. Nikiitazama haikauki upesi zaidi."

"Basi simama pale kwenye swichi ya mota ya kukatia. Nikisema washa, washa. Nikisema zima, zima."

"Ikinirusha?"

"Haikurushi."

"Wewe hukuwa na sauti hivi juzi," alisema, lakini alienda kusimama.

Nilikuwa nimeshabadilisha vitu vingi. Siku hiyo niliamua nisibadilishe kitu. Nilitaka kujua tu kelele inaingilia wapi. Kwenye kadi kuna matundu mawili ambamo waya za swichi za mwisho zinaingia. Nilizitoa zote mbili. Nikakata kipande cha waya kifupi kama kidole, nikakiingiza tundu moja hadi jingine, ili kadi idhani swichi zote zimetulia.

"Washa!"

Mota ya kukatia ililia, ikapanda, ikafika kwenye mlio wake wa juu. Niliangalia kompyuta. Niliendelea kuiangalia. Haikusema kitu. Niliuamuru mkono utembee, ukatembea, mota ikilia, kama vile haujawahi kugoma maisha yake yote.

"Imepona!" Msasa alipiga kelele.

"Zima! Haijapona." "Kadi ndiyo nzima. Kompyuta nzima. Ugonjwa unaingilia njiani, huko waya zinakopita."

Nilijua waya zinapita wapi. Na Msasa naye alijua. Sote wawili tuliinua macho kwa pamoja tukalitazama kasha.

Karakana ya Mjomba ina sheria moja ambayo haijaandikwa popote: kitu kikitoka hapa, parafujo isionekane. Hata stuli ya jikoni. Mbao zinashikana zenyewe kwa viungo, na penye gundi basi gundi ifiche njia zake. Siku aliyoona waya zangu zikining'inia kwenye mkono wa mashine alishika kichwa. "Hii ni karakana au nyumba ya mlevi?" alisema, na alikaa wiki nzima bila kunieleza anafanya nini kwenye kona yake. Akaja na kasha la mvule, refu na jembamba, la kulala juu ya mkono wa mashine kutoka mwanzo hadi mwisho. Pembe zake zilikuwa zimeumana meno kwa meno, hata unyoya haupiti. Akaziweka waya zote ndani yake mwenyewe, nene na nyembamba, akazifunga kitita kimoja kwa uzi uliotiwa nta, fundo baada ya fundo, kama anavyofunga mbao zake zisipinde. Halafu akaweka kifuniko kwa gundi. Moja kwa moja. Hakuna parafujo, hakuna bawaba.

Nilimshukuru kwa mikono miwili siku ile. Nilipima mashine nzima tangu wakati huo, na kasha nililipitia pembeni kila mara, kama unavyompitia mgeni aliyesinzia sebuleni.

Mota ya kukatia inapata umeme wake kutoka kwenye kisanduku kinachobadilisha kasi. Kisanduku hicho kinaukatakata umeme vipande vidogovidogo, maelfu kwa maelfu, na umeme uliokatwa hivyo hupiga kelele. Masikio yetu hayaisikii, ila waya uliolala ubavuni mwake unaisikia. Waya mwembamba wa swichi, uliofungwa kifua kwa kifua na waya mnene wa mota kwa fundo la uzi wa nta, ulikuwa unaichukua kelele ile na kuipeleka kwenye kadi, na kadi ilidhani ni habari.

"Labda silo," Msasa alisema polepole.

"Ngoja tuhakikishe."

Nilichukua waya mpya mwembamba, nikaupeleka kutoka kwenye swichi hadi kwenye kadi kwa njia ya mbali, juu ya mgongo wa kiti, juu ya ngazi, juu ya debe la vanishi, usikaribiane kabisa na kasha.

"Washa!"

Mota ililia. Mashine ilitembea. Nilimwambia Msasa awashe na feni ya kuvuta vumbi pia, akaiwasha, kelele ikajaa hadi bati likatetema, na mashine ikaendelea kutembea. Nilicheka peke yangu. Nilikuwa bado nacheka pale mkono ulipofika upande wa mbali, ukaunasa waya wangu, ukalivuta debe la vanishi kutoka kwenye stuli na kulipindua. Mashine ilisimama. Safari hii ilisimama kwa haki, maana waya ulikuwa umekatika vipande viwili.

"Vanishi yangu!" Msasa alilia.

"Kuna nini humu?" Mjomba alikuwa mlangoni, randa mkononi.

Aliona waya, kiti, ngazi, dimbwi la vanishi linalotambaa kuelekea miguuni kwake. Alisogeza mguu.

"Nimepata tatizo, Mjomba."

"Naliona."

"Sio hilo." Nilijikaza. "Kadi haina kosa. Ni waya. Waya wa mota umelala pamoja na waya za swichi, na hazitakiwi kulala pamoja. Inabidi ule mnene utoke upite peke yake, upande wa pili wa mkono."

"Utoke wapi?"

Nilinyoosha kidole.

Mjomba aliliangalia kasha. Aliliendea, akapitisha kiganja juu yake, akapuliza vumbi ambalo halikuwapo.

"Waya ni waya," alisema. "Nimezifunga vizuri. Hazigusani, kila mmoja una ngozi yake ya plastiki."

"Hazihitaji kugusana. Ni kama..." Nilitafuta. "Ni kama mtu analala chumba kimoja na anayekoroma. Hamgusani, lakini hulali."

Msasa alikohoa kuficha kicheko. Mjomba hakucheka.

"Huyu aliyeiuza anasema kadi. Wewe ulisema kompyuta, kisha ukasema kisanduku cha umeme. Sasa mbao zangu. Kesho utasema paa."

"Nimepima, Mjomba. Nikiuondoa waya ule kwenye kasha, naomba nikuonyeshe."

"Kasha halifunguki. Nililifunga lisifunguke." Akanielekezea randa, si kwa ukali, alisahau tu kwamba ameishika. "Usiliguse. Mama, umenisikia? Acha mashine iende zake, acha watu wapumzike. Mimi nakwenda kuuona huo msumeno kabla hawajanipa kipande cha chuma."

Akaiweka randa yake juu ya meza, mahali pake, akatoka. Mlango wa geti la nje ulilia ukajifunga.

Niliokota kitambaa nikaanza kumsaidia Msasa kufuta vanishi. Ilikuwa inanata vidoleni.

"Duka la simu si baya," Msasa alisema mwishowe. "Mtoto wa dada yangu yuko kwenye duka kama hilo. Ananenepa."

"Kaka Msasa."

"Naam."

"Ule msumeno mwembamba wa Mjomba uko wapi? Wenye mgongo wa shaba."

Aliacha kufuta. "Unataka kufanya nini?"

"Upo kwenye droo ya juu au ya chini?"

"Binti, yule mzee hata mke wake hagusi droo ile. Amekwambia usiliguse, kwa maneno ya wazi, mimi shahidi."

"Ya juu au ya chini?"

Alinitazama kama mtu anayenipima kwa futi. "Ya chini," alisema. "Na mimi sikuona kitu. Nilikuwa natengeneza vanishi nyingine, kwa sababu kuna mtu aliimwaga."

Nilipanda juu ya kiti. Nilipima kwa kidole mahali kifuniko kinapokutana na ubavu, pale ambapo gundi imejificha usiweze kuijua kama hujaambiwa. Mvule mgumu. Msumeno uliteleza mara ya kwanza ukaacha mkwaruzo mweupe juu ya uso ule uliolainishwa, na nilihisi mkwaruzo huo kwenye meno yangu. Nikasimama. Nilifikiria mikono yake iliyokesha kwenye kona ile ikichonga jino baada ya jino kwa ajili yangu. Halafu nilifikiria kaunta yenye feni. Nikaweka msumeno tena mahali pake na kuvuta.

Ulipoingia uliingia. Nilikata upande mmoja, nikakata upande wa pili, vumbi jekundu likinijaa kwenye mikono ya shati. Katikati kifuniko kilipasuka, pa, kwa sauti ya kitu kikavu, na kipande kimoja kikaanguka sakafuni. Msasa huko alikokuwa alisema "Mungu wangu" bila kugeuka.

Ndani palikuwa pazuri kuliko nje. Sikutegemea. Alikuwa amelainisha hata ndani, mahali ambapo hakuna atakayepaona, na uzi wa nta ulikuwa umefunga waya kwa mafundo yaliyolingana kama shanga. Nilikata fundo moja baada ya jingine. Macho yalinilowa, sikuyafuta, mikono ilikuwa na kazi.

Waya mnene niliutoa wote. Nikautobolea njia mpya upande wa pili wa mkono, nikaushikiza kwa vibano vya chuma. Parafujo zilionekana, zote, zinang'aa, na sikujali. Waya huo una wavu mwembamba wa shaba unaouvika kama soksi, na wavu huo niliufunga kwenye waya wa kijani unaozama ardhini, upande mmoja tu, kama tulivyofundishwa, ili kelele ipate pa kwenda isirudi. Zile nyembamba nilizirudisha ndani ya kasha la mvule, peke yake, zimelala kwa raha, na ncha zake nikazifunga tena kwenye kadi.

"Washa," nilisema.

Safari hii sikuchora hewani. Nilifunga ubao mezani, nikaiambia kompyuta ichonge mlango wa kabati, ule wa mteja wetu anayengoja, wenye duara katikati na mistari inayopishana kwenye pembe. Kisu kilishuka. Kilikula mbao. Vumbi liliruka likavutwa na feni, na mstari wa kwanza ukatokea mwembamba na safi. Kompyuta haikusema kitu. Msasa alikuja kusimama karibu yangu na brashi inayodondoka.

"Injinia," alisema, na kwa mara ya kwanza hakulitamka kama utani.

Ilikuwa bado inachonga pale lori liliporudi kinyumenyume hadi mlangoni. Miwani aliruka chini na wabebaji wawili, na Mjomba akashuka baada yao. Waliingia wote kwa pamoja. Wakasimama.

Mjomba alitazama kisu kinachopita. Kisha alitazama sakafuni. Aliinama, akaokota kipande cha kifuniko, akakigeuza upande wa msumeno.

"Zima," aliniambia.

"Haijamaliza."

"Nimesema zima."

"Imebakiza kona moja, Mjomba. Nikizima sasa ubao unaharibika."

Wabebaji waliangalia miguu yao. Mkono wa mashine ulikwenda kwenye kona, ukaizunguka, ukapanda, ukarudi nyumbani kwake. Mota ilishuka ikanyamaza, na ndani ya kimya kile nilisikia mlio wangu wa asubuhi, ule wa mota zinazoshika.

"Nilikwambia nini?" Mjomba aliuliza.

"Uliniambia nisiliguse."

"Ukafanya nini?"

"Nimelipasua. Kwa msumeno wako."

Msasa alijisogeza kidogo nyuma ya debe lake.

Miwani hakuwa ameelewa wala hakuhitaji kuelewa. Alikuwa ameegemea meza, amevua miwani, jambo ambalo sikuwahi kuliona, akipapasa mistari ya mlango. "Mzee wangu! Hii sasa hata sijaifikisha nimeshapata anayeitaka. Dada, umefanya kazi. Jamani shikeni huku, mmoja huku. Kwa ubavu, mlango ni mwembamba."

"Subiri kidogo," Msasa alidakia. "Mzee, si ilikuwa inarudi kwa sababu ni mbovu? Hiyo si inafanya kazi?"

"Nimeona," Mjomba alisema. "Mimi si kipofu. Pakieni."

"Inaondoka kwa kosa gani sasa?"

"Kwa kosa la kufanya kazi!"

Ilimtoka kwa nguvu hadi wabebaji wakaachia. Alikuwa amekishika kile kipande cha mvule kwa mikono yote miwili. Sauti iliyofuata ilikuwa ndogo, nilidhani ni yangu.

"Mlango huo mimi naufanya kutwa nzima. Hiyo imeufanya nikiwa njiani. Watu wakija hapa watauliza fundi nani? Wataonyeshwa kompyuta. Mimi nitakuwa nani humu ndani, mlinzi wa swichi? Niliposikia inagoma, Mungu anisamehe, nililala usingizi mzuri." Akamgeukia Miwani. "Pakieni, basi."

Mbebaji mmoja alisogea. Nikasogea na mimi, nikasimama kati yake na meza, mgongo wangu ukigusa chuma. Maneno yalikuja bila haraka kama kawaida yao, ila yalikuja.

"Haipakiwi," nilisema. "Kaka, toa mkono wako hapo, tafadhali."

Mbebaji alitoa mkono.

"Mama," Mjomba alisema, "usinifanyie hivi mbele za watu."

"Wasipokuwepo watu nitainamisha kichwa, na wewe utadhani nimekubali." "Lile kasha ni kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kupewa, na nimelipasua, na ningelipasua tena. Usiniombe niseme pole kwa hilo. Mashine inajua kufuata mstari tu, Mjomba, haijui mstari upite wapi. Huo mlango nimeuchora kutoka kwenye mlango wako. Sina mwingine wa kuchora kutoka kwake."

Miwani alianza kusema kitu, Msasa akamwekea brashi mbele ya shati lake jeupe, naye akaishia hapo.

Na bado sikuwa nimelisema neno lenyewe. Nilikuwa nimezunguka, nimefika mlangoni pake, nikataka kugeuka. Mashine, kasha, mlango, yote hayo yalikuwa jirani tu.

"Kaunta siendi," nilisema. "Mama nitamwambia mwenyewe. Nataka karakana hii. Sitaki unirithishe ukishachoka, nikuletee uji kitandani nikuhadithie tulichotengeneza. Naitaka sasa hivi, iwe yetu wawili, jina langu lipigwe rangi pale nje chini ya lako, na wewe uwe humu humu ndani, kila siku, unanigombeza."